Mwana Aliyewekwa Rehani: Kifungu Kimoja cha Apamea na Kuvunjika kwa Dola la Waseleuko

Mwaka 188 KK, huko Apamea ya Frigia, katika Uturuki ya leo, mfalme Antiochus III wa Waseleuko, ukoo ulioanzishwa na Seleucus, jemadari wa Aleksanda Mkuu, alifunga mkataba na Roma baada ya jeshi lake kupigwa vibaya Magnesia. Wengi wanaosimulia anguko la dola lake huanza na fedha alizotozwa, talanta 15,000. Kiasi hicho kinatisha kweli, lakini kililipwa chote. Tembo walipigwa marufuku, wakarudi. Manowari ziliwekewa kikomo, zikajengwa nyingine. Kifungu kilichofanya kazi kwa zaidi ya karne nzima, wakati waliokitia sahihi wamekwisha kuoza, ni kile cha mateka 20, na hasa mstari mmoja ndani yake: mwana wa mfalme abaki Roma. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mstari huo ndio ulioharibu njia ya Waseleuko ya kurithishana ufalme, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa imelishikilia dola zima.

Dola lilivyosimama

Aleksanda Mkuu alifariki Babuloni Juni 323 KK bila mrithi aliyekomaa. Majemadari wake wakagawana nchi. Seleucus alipata Babuloni katika mgawo wa pili, lakini Antigonus, aliyekuwa na nguvu kuliko wote, akamfukuza, naye akakimbilia Misri kwa jemadari mwenzake, Ptolemy. Mwaka 312 KK, baada ya ushindi wa Ptolemy pale Gaza, Seleucus alipewa kikosi cha watu wapatao 1,000 tu, akarudi nacho Babuloni na kuitwaa. Wababuloni walihesabu mwaka wa kwanza kuanzia majira ya kuchipua ya 311 KK. Hesabu hiyo haikuanzishwa upya kila alipotawazwa mfalme mwingine kama ilivyokuwa desturi. Iliendelea moja kwa moja, na ndiyo inayotuwezesha leo kupanga matukio ya dola hili kwa usahihi.

Kutoka hapo alipanda mashariki hadi mipaka ya Uhindi. Kwa Chandragupta, mfalme wa Uhindi, hakushinda. Alimwachia majimbo ya mpakani, akapewa tembo 500. Tembo hao walisaidia sana kumwangusha Antigonus pale Ipsus mwaka 301 KK. Mwaka uliofuata akaasisi Antiokia, na kufikia 281 KK, aliposhinda Corupedium, alikuwa na nchi kutoka pwani ya Aegea hadi Asia ya Kati. Miezi michache baadaye akauawa kwa kisu na Ptolemy Keraunos, mwana wa yule Ptolemy wa Misri, mkimbizi aliyekuwa amempokea mwenyewe.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mzee ameuawa ghafla, mbali na makao makuu, dola halijatimiza hata miaka 40. Kwa nini halikusambaratika siku ile? Kwa sababu mwanawe Antiochus alikuwa tayari mfalme, na alikuwa mfalme kwa zaidi ya miaka kumi. Baba yake alikuwa amempa taji na kumpeleka majimbo ya juu, yaani Umedi na mashariki yote ya Mto Tigri. Mama yake, Apama, alitoka katika watawala wa Asia ya Kati, kwa hiyo kijana hakuwa mgeni mtupu machoni pa wakuu wa huko.

Mfumo ulikuwa huu: mfalme mkubwa anashughulika na Siria na magharibi, mrithi mmoja, mtu mzima mwenye cheo cha mfalme, anakaa mashariki. Huko anaandikisha wapanda farasi, anakusanya fedha, anajuana na makamanda, anajulikana na miji. Baba akifa, hakuna siku hata moja ambayo kiti kiko wazi. Mfumo haukuwa salama daima, kwani Antiochus I huyohuyo alimuua mwanawe mkubwa aliyekuwa mfalme mwenza, kwa shaka ya uasi. Lakini alikuwa na mwingine wa kumweka mahali pake, na kazi ikaendelea.

Mfumo ulipovunjika kwa mara ya kwanza, matokeo yalionekana mara moja. Antiochus II alikufa mwaka 246 KK akiacha wake wawili, Laodice na Berenice, kila mmoja na mtoto wa kudai ufalme. Misri ikaingilia kumtetea Berenice, vita vikazuka, na hata baada ya Berenice na mwanawe kuuawa, watoto wawili wa Laodice wakageukiana wao kwa wao. Ni katika miaka hiyo Baktria ilijitenga na Parthia ikaingia mikononi mwa Arsaces na watu wake wa nyika. Mashariki haikuchukuliwa na jeshi kubwa. Ilichukuliwa wakati ndugu wawili walikuwa wakitazamana magharibi.

Antiochus III ndiye aliyeonyesha kwamba hasara hiyo inarekebishika, na hatua zake zina mpangilio wa kufuata kwa makini. Kwanza alimmaliza Molon, mkuu wa Umedi aliyeasi, mwaka 220 KK. Kisha, mwaka 213 KK, akamkamata na kumuua Achaeus, binamu aliyejitangaza mfalme katika Asia Ndogo. Baada ya kuhakikisha hakuna mwingine mwenye damu ya kudai taji nyuma yake, ndipo akatoka, mwaka 212 KK, kwa safari ya miaka saba. Akiwa njiani alimtawaza mwanawe mkubwa kuwa mfalme mwenza. Ekbatana alikwangua dhahabu na fedha ya hekalu, karibu talanta 4,000. Akawalazimisha Waparthi kukubali ukubwa wake, akaizingira Baktra, mji mkuu wa Baktria, kwa takriban miaka miwili hadi mfalme wake Euthydemus akapatana naye, akarudi na tembo 150. Watawala wa huko aliwaacha vitini mwao, lakini chini yake. Sharti la yote hayo lilikuwa moja: mfalme aweze kukaa mbali miaka saba bila mtu kukalia kiti chake nyumbani.

Vifungu vya Apamea

Mwaka 192 KK Antiochus alivuka kwenda Ugiriki na askari wa miguu 10,000, farasi 500 na tembo 6, idadi ndogo mno kwa kazi ya kuichokoza Roma. Alishindwa Thermopylae mwaka uliofuata, kisha Magnesia. Masharti aliyopewa yalikuwa haya:

- Fedha: talanta 500 papo hapo, 2,500 mkataba ukithibitishwa, kisha 1,000 kila mwaka kwa miaka 12. Kila talanta isipungue ratili 80 za Kirumi, yaani takriban kilo 26. Jumla ni kama tani 390 za fedha safi, na awamu ya mwaka ni tani 26.
- Nafaka: ngano modii 540,000, ambazo kwa vipimo vyetu ni karibu magunia 40,000 ya kilo 90.
- Ardhi: aondoke Asia Ndogo yote ng'ambo ya milima ya Taurus.
- Silaha: atoe tembo wote wala asifuge wengine, abaki na manowari 10, zisipite rasi ya Sarpedon.
- Mateka: watu 20 wa umri wa miaka 18 hadi 45, wabadilishwe kila baada ya miaka mitatu, isipokuwa mwana wa mfalme.

Juu ya tembo, Roma ilijua inaomba nini. Waseleuko ndio pekee miongoni mwa wafalme wa Mediterania waliokuwa na njia ya nchi kavu hadi Uhindi. Wafalme wa Misri walilazimika kuwawinda wa Afrika kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, katika Sudan na Eritrea ya leo, na kuwasafirisha kwa meli kuelekea kaskazini. Pale Raphia mwaka 217 KK tembo 73 wa Misri walikutana na 102 wa Antiochus III, na wengi wao waligoma kukaribia. Hata hivyo Misri ilishinda siku ile kwa askari wa miguu, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayedhani tembo ndiye aliyeamua vita vya zama zile.

Je, fedha ziliwafilisi? Ziliwabana. Mwaka 187 KK Antiochus III aliuawa huko Elymais, kusini-magharibi mwa Iran, akijaribu kupora hekalu la Bel. Mwanawe Seleucus IV alitawala kama mhasibu, na jiwe lililopatikana Maresha, lenye barua yake ya mwaka 178 KK kwa waziri wake Heliodorus, linaonyesha akimteua ofisa wa kusimamia mahekalu ya Siria ya kusini. Ni Heliodorus huyohuyo ambaye Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinamtaja akiingia hazina ya Yerusalemu. Lakini malipo ya mwisho yalifika Roma mwaka 173 KK, yamechelewa, mjumbe akiomba radhi na kuongeza vyombo vya dhahabu vya ratili 500. Miaka saba tu baadaye Antiochus IV aliandaa gwaride kule Daphne, karibu na Antiokia, lenye askari 5,000 waliovaa deraya za Kirumi na tembo zaidi ya 30. Dola lililofilisika halifanyi gwaride la namna hiyo.

Jinsi kifungu cha mateka kilivyofanya kazi

Mwana aliyepelekwa Roma kwanza ni mdogo wa Seleucus IV, yule atakayeitwa Antiochus IV. Kabla ya 178 KK alibadilishwa: akaachiwa, na mahali pake akaenda Demetrius, mtoto mkubwa wa Seleucus, akiwa bado mdogo sana. Badiliko hilo kwenye karatasi halina uzito, mwana wa mfalme kwa mwana wa mfalme. Matokeo yake yalikuwa kwamba mrithi halali yuko Roma, na baba yake mdogo, mtu mzima aliyeijua Roma, yuko huru Athens.

Mwaka 175 KK Heliodorus alimuua Seleucus. Nyumbani alibaki mtoto mdogo, ndugu yake Demetrius. Mfalme Eumenes wa Pergamon, katika Asia Ndogo, akampa yule aliyekuwa Athens askari, fedha na taji, akaingia Antiokia. Mtoto yule alifanywa mfalme mwenza kwa jina, na mwaka 170 KK akauawa.

Tazama sasa tofauti kati ya watoto hao wawili wa Seleucus. Ikulu za zama zile zilikuwa na njia mbili za kumaliza tatizo la mrithi wa tawi jingine: kumlea ndani ya nyumba, au kumuua. Zote mbili ni za kikatili kwa namna yake, lakini zote mbili huacha tawi moja tu. Yule mdogo yalimfika yote mawili. Demetrius hakufikiwa na lolote. Hakuwa mashariki akijifunza kazi, wala hakuwa kaburini. Alihifadhiwa mahali ambapo mkono wa mfalme haufiki, akikua, akila na vijana wa familia kubwa za Roma, huku tawi la Antiochus IV likiota mizizi nyumbani. Tangu siku ile ukoo ulikuwa na matawi mawili yaliyo hai, na ufunguo wa mojawapo ulikuwa mfukoni mwa baraza la wazee wa Roma.

Antiochus IV mwenyewe alikuwa hodari. Aliivamia Misri na angeichukua, kama mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, asingemchorea duara mchangani kule Eleusis mwaka 168 KK na kumtaka ajibu kabla hajatoka ndani yake. Alikwenda mashariki 165 KK na kufia huko mwishoni mwa mwaka uliofuata. Kibao cha udongo cha Babuloni kinaonyesha habari za kifo chake zilifika huko Novemba au Desemba 164 KK. Aliacha mtoto wa miaka tisa, Antiochus V, chini ya waziri Lysias.

Demetrius, sasa wa miaka 23, alisimama mbele ya baraza akaomba aachiwe: yeye si mateka wa mtoto huyu, aliwekwa rehani kwa niaba ya baba yake, na baba yake amekufa. Kisheria alikuwa na haki. Baraza likakataa. Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyekuwa mwenyewe amezuiliwa Roma na aliyekuwa rafiki yake, anaandika bila kuficha kwamba waliona mtoto mdogo juu ya kiti anawafaa zaidi kuliko kijana mwenye nguvu. Kisha wakatuma ujumbe chini ya Gnaeus Octavius kuchoma manowari zilizozidi na kuwakata tembo mishipa ya miguu. Tembo walikatwa, watu wa Siria walishuhudia, na Octavius akauawa Laodikia mwaka 162 KK.

Demetrius aliomba tena, akakataliwa tena. Safari hii alitoroka. Mjumbe wa Misri aliyekuwapo Roma, Menyllus, alikodi kana kwamba ni kwa safari yake mwenyewe meli ya Carthage iliyokuwa kwenye mlango wa Mto Tiber, ikipeleka malimbuko kwa miungu ya Tiro. Meli ya ibada, nani angeishuku? Watumishi walitangulizwa na nyavu na mbwa, wakiambiwa bwana atawakuta Circeii kuwinda nguruwe mwitu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Jioni yenyewe Demetrius alikuwa karamuni, naye alikuwa mtu wa kupenda kinywaji. Polybius, mgonjwa kitandani, alimwandikia kikaratasi cha mistari ya mashairi ya kumtahadharisha asilewe, akakitia muhuri na kukituma. Demetrius akasoma, akajifanya anaumwa, akaondoka mezani. Baraza lilipojua, siku kadhaa zilikuwa zimepita na meli iko mbali. Habari hizi anazitoa mshiriki anayependa kuonekana mwerevu, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari, lakini hatua zake zinaingiana vizuri.

Jeshi lilimpokea, likamuua Antiochus V na Lysias. Tawi la Seleucus lilikuwa limerudi. Lakini mchezo ulikwisha kujulikana na wote.

Mnada

Timarchus, mtawala wa Umedi, alijitangaza mfalme na Roma ikamkubali kwa maneno, bila kumpa askari hata mmoja. Demetrius akamuua. Ndugu wa Timarchus, Heracleides, akampeleka Roma kijana aitwaye Alexander Balas, akidai ni mwana wa Antiochus IV. Baraza likaidhinisha dai lake, tena bila msaada wa vita. Wafalme wa Pergamon na Misri wakampa waliyokuwa nayo, na mwaka 152 KK akashuka Ptolemais, Akko ya leo.

Kinachofuata kinaonekana kwa karibu zaidi Uyahudi. Demetrius, akihitaji askari, alimruhusu Yonathani Mmakabayo, kiongozi wa Wayahudi walioasi, akusanye jeshi na kumrudishia mateka wa Kiyahudi waliokuwa ngomeni Yerusalemu. Balas akapanda dau: ukuhani mkuu, joho la zambarau na taji la dhahabu. Demetrius akajibu kwa msamaha wa kodi za chumvi, za nafaka na za matunda. Yonathani alichukua cha kila mmoja, akasimama na Balas. Demetrius aliuawa vitani 150 KK. Miaka minane baadaye mwanawe, Demetrius II, akiwa naye na mpinzani shingoni, aliisamehe Uyahudi ushuru wote. Nchi ile haikutoka mikononi mwa Waseleuko kwa upanga peke yake. Ililipwa kipande kwa kipande kama bei ya kuungwa mkono. Tiro, Seleucia ya Pieria na miji mingine ilipata uhuru wake kwa njia hiyohiyo.

Mashariki ilikuwa inatazama. Kwenye mwamba wa Bisitun kuna sanamu ya Heracles amejilaza, yenye maandishi ya Juni 148 KK yanayomtaja Cleomenes, mkuu wa majimbo ya juu. Ndiyo alama ya mwisho ya utawala wao kule. Mithridates I wa Parthia alichukua Umedi, na Julai 141 KK watu wake walikuwa ndani ya Seleucia ya Tigri, wakati Demetrius II akipambana na Tryphon, kamanda aliyemtumia mtoto wa Balas kama kivuli. Demetrius alikwenda mashariki bila kummaliza Tryphon kwanza, kinyume kabisa cha alivyofanya Antiochus III, baba wa babu yake, akatekwa mwaka 138 KK.

Waparthi hawakumuua. Walimpa binti mfalme, Rhodogune, na kumtunza. Alijaribu kutoroka mara mbili, mara zote akakamatwa, na mfalme wa Parthia, Phraates II, akampelekea dadu za dhahabu kumkejeli kwa utoto wake. Mdogo wake Demetrius, Antiochus VII, wa mwisho kati ya Waseleuko aliyekuwa mfalme kamili, aliirudisha Babuloni na Umedi mwaka 130 KK kwa ushindi baada ya ushindi. Phraates akatoa akiba yake: alimfungulia Demetrius na kumpa walinzi wa kumpeleka Siria, ili Antiochus arudi mbio kulinda kiti. Roma ilikuwa imefanya jambo hilo kwa miaka 50. Waparthi walilielewa vizuri.

Ikatokea kwamba haikuhitajika. Antiochus alikuwa ametawanya askari wake mijini kwa majira ya baridi, na chakula na dharau zao vikaichosha miji, ikaasi kwa siku moja. Aliuawa 129 KK na kikosi kidogo. Phraates akatuma farasi kumrudisha Demetrius, wakakuta amekwisha kuvuka.

Wapo wanaosema Waparthi wangekuja tu. Huenda. Lakini ushahidi wa 212 na wa 130 KK ni kwamba mfalme mmoja asiye na mpinzani nyuma yake aliweza kuwarudisha nyuma. Kilichokosekana baada ya 175 KK hakikuwa askari wala fedha. Kilikosekana kipindi kirefu cha tawi moja.

Yaliyobaki ni Siria peke yake. Watoto wa Demetrius II na wa Antiochus VII waligombana, kisha wana watano wa Antiochus VIII wakagombana na binamu zao na wao kwa wao. Mwaka 83 KK Tigranes wa Armenia aliingia na watu wa Siria wakampokea. Alipoondolewa na Warumi, Antiochus XIII aliwekwa kitini na jemadari wao Lucullus. Mwaka 64 KK jemadari mwingine wa Roma, Pompey, alimkatalia: hakuona sababu ya kumpa Siria mtu aliyejificha Kilikia miaka yote Tigranes alipoishikilia. Akaitangaza nchi kuwa jimbo la Roma, bila vita.